Alizeti pori (tithonia) kwa mbolea ya mboga: nipande pingili au mbegu, na nahitaji kiasi gani?

Mkulima wa Soni

Wakuu, habari za majukumu. Nina nusu ekari ya mboga huku Soni, Lushoto: kabichi, nyanya na karoti kidogo. Udongo ni mwekundu, shamba liko kwenye mteremko wenye makinga maji, na majibu ya maabara yalionyesha pH 5.1, yaani udongo una tindikali, na fosforasi kidogo sana. Bei ya mbolea ya DAP sote tunaijua.

Huku kandokando ya barabara kumejaa alizeti pori, ile tithonia ya maua ya njano. Mpaka wangu wa juu una mita 60 zilizo wazi, nataka niipande hapo, niwe naikata na kuifukia shambani badala ya kununua mbolea. Naomba wenye ujuzi mnisaidie haya:

Pingili au mbegu? Nafasi ya kupandia iwe ipi? Nianze kukata lini, na nikate urefu gani? Eneo la mita 10 kwa 10 linataka kilo ngapi za majani? Na je, nikishafukia naweza kupandikiza kabichi siku hiyohiyo?

---

Jembe la Vihiga

Pingili. Mbegu itakusumbua bure. Mbegu mbichi ya tithonia hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na hata ile iliyokwisha kukaa ikizama chini ya udongo wa mfinyanzi haitoki. Anayetaka mbegu kwa lazima aitawanye juu ya kitalu, aifunike kwa mchanga mwembamba tu na nyasi kidogo juu yake, kwa sababu inapenda kuona mwanga. Lakini kwa mita 60 huna haja hiyo.

Chagua shina lililokomaa nusu: rangi imeanza kutoka kijani kwenda kahawia, unene wa kidole gumba. Ncha laini ya juu huoza kabla ya kutoa mizizi, na shina kuukuu la chini huchelewa kuchipua. Kata vipande vya sentimita 30 hivi, kila kimoja kiwe na macho matatu au manne. Upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate sawa. Hiyo si kwa urembo. Rundo likishachanganyika, mshazari ndio utakaokuonyesha wapi ni chini, na pingili iliyopandwa kichwa chini ni pingili iliyopotea.

Panda siku uliyokata, ikishindikana kesho yake, huku rundo likiwa kivulini limefunikwa gunia bichi. Macho mawili yazame ardhini, mengine yabaki juu, kisha kanyaga udongo ushikane na pingili. Isimame wima au ilale mshazari, zote hushika. Usiilaze kabisa na kuifukia kama muwa, hapo mashimo matupu yatakuwa mengi. Nafasi sentimita 30 mstari mmoja. Panda mvua ikishatulia, wiki ya pili au ya tatu ya masika, si ile mvua ya kwanza inayonyesha siku mbili na kutoweka. Pingili hutoa majani kabla haijawa na mizizi ya maana, kwa hiyo jua la wiki moja wakati huo huimaliza, nawe unabaki kushangaa maana ulishaiona ya kijani.

Kukata: msimu wa kwanza iache. Ikishapita urefu wako na kabla haijatoa vichwa vya maua, ikate ukiacha kisiki cha sentimita 50. Ukikata chini zaidi ya hapo mara kwa mara, visiki huchoka na ua (huo uzio wa tithonia) hutoboka. Baadaye kwenye mvua utakata tena kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kiangazi utaiacha ipumue.

Kinachofukiwa ni majani na ncha laini tu, mwisho unene wa penseli. Mashina magumu yana matatizo mawili: yanaoza polepole yakila naitrojeni ya udongo, na mengine yatachipua katikati ya kabichi zako. Huku kwetu magharibi mwa Kenya watu walioyazika na mashina yake waliishia kupalilia tithonia msimu mzima.

Katakata kwa panga vipande vya sentimita 3 hadi 5, tandaza, fukia kina cha sentimita 10 hadi 15 siku hiyohiyo. Majani yakikauka juu ya ardhi, sehemu ya naitrojeni inakwenda hewani.

Kiasi nakuachia mwenye kalamu nzuri kuliko mimi, ila jiandae, si kidogo.

---

Shamba Darasa

Nachukua hapo alipoishia Jembe.

Kipimo kilichotumika sana kwenye majaribio ya magharibi mwa Kenya, kule Maseno na vijiji vya Vihiga ambako ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, walifanya kazi na KARI na KEFRI, taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na misitu, miaka ya 1990, ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa eneo lako la mita 10 kwa 10 hiyo ni kilo 50 kavu. Majani mabichi ni maji karibu asilimia 80, kwa hiyo unatafuta kilo 250 mbichi, yaani kilo mbili na nusu kwa kila mita ya mraba. Ukifukia kwenye mashimo badala ya kutandaza, na kabichi zako ziko sentimita 60 kwa 45, utakuwa na mashimo 370 hivi, kila moja gramu 600 hadi 700.

Usikadirie kwa macho. Pima kilo moja ya majani yaliyokatwa asubuhi baada ya umande kukauka, yaanike kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, kisha pima tena. Ukipata gramu 200, hesabu ya hapo juu inasimama. Ukipata 150, unahitaji karibu kilo 330 badala ya 250. Majani yaliyokatwa mvuani yanadanganya mzani vibaya sana.

Sasa njoo kwenye ua. Mita moja ya ua wa tithonia peke yake hutoa kama kilo moja kavu ya majani na ncha laini kwa mwaka mzima. Mita zako 60 ni kilo 60 kavu. Hizo zinatosha eneo la mita 10 kwa 10 mara moja kwa mwaka, na chenji kidogo. Nusu ekari yote, ambayo ni kama mita za mraba 2,000, ingetaka tani moja kavu, tani 5 mbichi, na ua wa kilomita moja. Na hizo tani 5 mtu azikate, azibebe, azikatekate na kuzifukia. Ndiyo maana wataalamu walipopiga hesabu ya nguvu kazi, kwenye mahindi haikulipa vizuri, ikalipa kwenye mboga. Weka zote kwenye kabichi au nyanya, tena kipande kimoja kila msimu, na usizinyunyize kidogokidogo shamba zima.

Ndani ya kilo 50 kavu kuna nini? Majani yana wastani wa naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Hiyo inakupa:

naitrojeni kilo 1.75, sawa na iliyo kwenye kilo 3.8 za urea;
potasiamu kilo 2, sawa na iliyo kwenye kilo 4 za MOP, mbolea ya potasiamu ya dukani;
fosforasi gramu 185, sawa na iliyo kwenye kilo moja pungufu ya DAP.

Umeona mstari wa mwisho. Wewe tatizo lako la maabara ni fosforasi, na hapo ndipo majani yanapokuwa mepesi. Kwa jani la kichakani 0.37 ni nyingi, lakini kwa kabichi kwenye udongo mwekundu wenye pH 5.1 haitoshi. Kuna faida moja ya ziada: majani yakioza hupunguza ile tabia ya udongo mwekundu kuishika fosforasi isitoke, hivyo hata kidogo unachoweka kinafanya kazi zaidi. Changanya na fosfeti ya Minjingu, ile inayochimbwa Manyara. Ina fosforasi kama asilimia 13, kwa hiyo kilo 2 hadi 2.5 kwenye mita 10 kwa 10 zinakupa karibu gramu 300. Mwaga ya unga pamoja na majani, fukia kwa pamoja. Udongo wenye tindikali kama wako ndio unaoiyeyusha. Mwenye udongo wa pH 6.5 asiige hili, kwake itakaa tu.

Jambo moja linapotoshwa mno humu mitandaoni. Tithonia si jamii ya kunde. Haivuti naitrojeni kutoka hewani. Ni ya ukoo wa alizeti, na kila kilichomo kwenye jani lake kimetoka kwenye udongo iliposimama. Ukiikata mpakani na kuizika bustanini umehamisha rutuba, hujaiongeza. Ukikata barabarani, umehamisha ya barabarani, na hiyo ni faida kwako. Lakini ua wako mwenyewe ukikatwa miaka mitatu minne bila kurudishiwa kitu, majani yatapungua na yatakuwa ya njano. Urudishie samadi, majivu au masalia ya kabichi kila mwaka. Neno "badala ya kununua mbolea" lifute, andika "pamoja na".

---

Mama Bustani

Wenzangu wamesahau kwamba huyu ndugu yuko Lushoto, na Lushoto kuna tughutu. Nayo ni kichaka cha ukoo huohuo wa alizeti, jamii ya Vernonia, na Washambaa wamekuwa wakiitumia kurutubisha udongo tangu zamani. Iko tayari kwenye mipaka na makorongo ya huko, na imeshafanyiwa majaribio pamoja na hiyohiyo Minjingu kwenye mboga. Kabla hujapanda mita 60 za mgeni, zunguka uangalie wazee wana tughutu kiasi gani. Majani yanatumika vilevile, yanakatwa na kufukiwa.

Kuhusu kupandikiza siku hiyohiyo, usithubutu. Majani mabichi yakianza kuoza yanatoa joto na chumvichumvi za kuchoma mizizi, na maji ya tithonia yenyewe yana uchungu unaozuia mbegu kuota. Kwenye miche utaona kingo za majani zimekauka kahawia na mche umedumaa. Ukichimbua, ncha za mizizi ni za kahawia wakati shingo ya mche ni nzima, kwa hiyo usikimbilie kununua dawa ya ukungu. Kwenye joto la tambarare, kama Korogwe au Muheza, wiki moja inatosha maana nusu ya jani inakuwa imeoza ndani ya siku saba hivi kama udongo una unyevu. Huko kwenu kwenye baridi ngoja wiki mbili. Kwa mbegu za kusia moja kwa moja, ngoja tatu.

Kipimo changu ni jembe: chimbua, shika jani. Likiwa bado kijani na linanuka mbichi, bado. Likiwa jeusi linateleza na kukatika vidoleni, pandikiza.

Lakini pia usikae miezi. Naitrojeni ya tithonia inatoka kwa haraka, na mvua ya masika kwenye mteremko itaipeleka chini ya mizizi kama hakuna mmea wa kuipokea. Kwa hiyo panga kinyumenyume: jua siku ambayo miche ya kitaluni itakuwa tayari, hesabu wiki mbili nyuma, hiyo ndiyo siku ya kufukia.

Karoti zisiguse. Majani yasiyooza vizuri yanazifanya zigawanyike miguu miwili mitatu, na naitrojeni nyingi inakupa majani mazuri ya sungura. Panda karoti msimu unaofuata, palipokuwa na kabichi.

---

Msitu Kwanza

Mnampa mwenzenu habari nusu. Mmea huu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, uliletwa kama ua la kupendeza, na leo uko kila barabara kuanzia Kenya hadi Zambia. Afrika Kusini wameuorodhesha miongoni mwa mimea vamizi, na sheria yao inataka udhibitiwe. Kichwa kimoja cha ua kinatoa mbegu nyingi nyepesi, zinabebwa na upepo, maji ya makorongo, matope ya tairi na mchanga wa kujengea. Ukikubali uingie kwenye ukingo wa msitu wa Magamba au mabonde yanayoshuka huko, hakuna atakayeutoa.

Sisemi usipande. Uko tayari barabarani kwenu, mita 60 hazibadilishi mengi. Ila kuna mahali si pa kuupanda: ukingo wa mto au korongo, mpaka unaopakana na msitu, na kijiji ambacho bado hakina. Mahali hapo pa tatu mkulima atumie tughutu aliyoitaja Mama Bustani.

Na ulipoupanda, ua lisifunguke. Anayekata kabla ya vichwa kupasuka anapata majani yenye nguvu na pia hatawanyi mbegu, mambo mawili kwa panga moja. Vichwa vikishakauka vikawa kahawia umechelewa, usivifukie bustanini, vichome. Mashina uliyoyachambua yaanike juu ya mawe au mabati mpaka yakatike kwa mlio, ndipo yawe kuni. Ukiyatupa kwenye ardhi mbichi yanashika.

Kuung'oa: baada ya mvua, udongo ukiwa laini, toa kisiki chote na mizizi minene. Kukata tu hakuuwi, ndiyo kwanza unauchipua. Kama huwezi kung'oa, kata kila mmea unapofika magotini, usikose hata mara moja, mpaka visiki vife kwa njaa. Ni kazi ya misimu miwili kwenda mbele.

---

Mkulima wa Soni

Nimewaelewa, nashukuru sana. Basi nitaanza na kipande cha mita 10 kwa 10 cha kabichi, majani na Minjingu pamoja, na jirani yake nitaweka DAP kama kawaida nione tofauti. Majani ya mwaka wa kwanza nitakata barabarani wakati ua unashika.

Nimebakiwa na mawili. Ua nikiuweka juu ya mteremko hautanyonya maji ya kabichi za mstari wa kwanza? Na nimesikia kuna watu wanaloweka majani kwenye pipa wanamwagilia nyanya. Inafaa, au ni hadithi?

---

Jembe la Vihiga

Ua utanyonya, na utatia kivuli pia. Acha mita moja tupu kati yake na mboga, iwe njia ya kupita ukikata. Kila mwanzo wa msimu pitisha jembe kwenye ukingo wa njia hiyo ukate mizizi inayokuja shambani. Na usiutegemee kuzuia mmomonyoko peke yake. Matawi yake ni mapana juu lakini chini kunabaki wazi, maji yanapita kati ya visiki. Kwenye kingo za makinga maji bakiza nyasi za guatemala au majani ya tembo, tithonia iwe nyuma yake.

Ukikata barabarani, kata upande wa mlimani wa barabara, si kwenye mfereji unaopokea mafuta ya magari na takataka. Vaa glavu au paka mafuta mikononi. Utomvu unanata, na kuna watu ngozi yao inawasha. Uchungu wake ukishika mkono unauonja kwenye ugali siku nzima.

---

Mama Bustani

Ya pipa si hadithi, ila watu wanaitumia vibaya. Ni ya kukuzia mmea uliokwisha kushika. Haiwezi kuchukua nafasi ya kufukia.

Pipa la lita 100. Jaza kiroba kilo 15 hadi 20 za majani yaliyokatwakatwa, funga mdomo, kining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya pipa na ndani yake utie jiwe kisielee. Jaza maji, funika, pipa likae kivulini. Kila baada ya siku mbili tatu kipandishe na kukishusha kiroba mara kadhaa ili maji yapite ndani ya majani. Kwa baridi ya Lushoto hesabu wiki tatu, kwenye joto mbili. Harufu ni mbaya, majirani watakuuliza. Ukiona povu limeacha kupanda na maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tayari.

Kosa la kwanza ni kumwagilia bila kuzimua. Kipimo ni debe moja la maji ya pipa kwa madebe matatu ya maji safi, na kwa miche midogo fanya moja kwa matano. Kosa la pili ni kumwaga juu ya majani wakati wa jua, yanaungua madoa madoa. Kosa la tatu ni kuendelea kulowekea majani yaleyale mara ya pili na ya tatu. Baada ya mara ya kwanza kilichobaki kiende kwenye mboji.

Kwa nyanya, anza wiki mbili baada ya kupandikiza, nusu lita ya mchanganyiko kwa kila shina, mara moja kwa wiki, udongo ukiwa na unyevu tayari. Potasiamu iliyomo inasaidia zikianza kufunga matunda. Lakini ukiona majani yamekuwa ya kijani kizito, yamejikunja na maua yanapukutika, naitrojeni imezidi. Acha wiki tatu, mwagilia maji matupu.